Joho na Vitabu: Mama na Usomaji Katika Miezi ya Kipupwe

Mwezi wa Juni unapoingia, sisi tunaoishi Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kalenda ya kutuambia. Asubuhi maji ya ndoo iliyolala nje hayashikiki. Kule Kitulo, wilayani Makete, majani huamka yamefunikwa na umande ulioganda, mweupe kama chumvi. Ni wakati ambao upande huu wa dunia, ulio kusini mwa ikweta, umeinama mbali na jua. Tena sisi tuko juu: mji wa Njombe uko mita zipatazo 2,000 kutoka usawa wa bahari. Usiku anga likiwa halina mawingu, joto la ardhi hupanda na kupotea, na baridi huingia hadi kwenye mifupa. Hata ndugu zetu wa Tanga na Dar es Salaam hukiona kipupwe, ila wao hutosheka na shuka nzito.

Katika miezi hii jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni. Ikifika saa 1 usiku milango imefungwa na watu wote wako ndani. Shule nazo hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, hivyo watoto wapo nyumbani. Si kwamba kazi imekwisha, maana mahindi yanavunwa, yanapukuchuliwa, na bustani za vinyungu zinasubiri. Lakini jioni ni ndefu kuliko wakati wa masika. Je, mama, jioni hiyo unaitumiaje?

Mtume Paulo alipokuwa mfungwa, akijua kwamba mwisho wake umekaribia, alimwandikia mwanawe katika imani, Timotheo. Katika 2 Timotheo 4:13 anamwomba amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na pamoja na joho amletee vitabu, hasa vile vya ngozi. Kisha katika mstari wa 21 anamhimiza ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Hebu tutafakari jambo hili. Mtu mzima, mtumishi wa Mungu, aliyebakiwa na siku chache, bado anataka kusoma! Anajua kwamba mwili unahitaji kufunikwa, na akili na roho vinahitaji kulishwa.

Sisi akina mama tunalijua sana joho. Kabla ya Juni tumekwisha kufuma sweta za watoto, tumeanika mablanketi, tumemtafutia bibi soksi za sufu. Mithali 31:21 inamsifu mwanamke ambaye nyumba yake haiogopi theluji kwa sababu amewavika watu wake vizuri. Hilo tunalifanya. Lakini vitabu je? Watoto tumewanunulia madaftari. Baba anasoma gazeti lake. Kitabu cha mama kiko wapi?

KUSOMA KUNAGANDA KAMA MIKONO

Wengi wetu tulijifunza kusoma vizuri shuleni. Kisha tukaolewa, tukazaa, tukalea, na miaka ikapita bila kumaliza hata kitabu kimoja. Kusoma ni kama kufuma. Asiyeshika sindano kwa miaka kumi hasahau kabisa, lakini vidole vinakuwa vizito. Akishika maandishi marefu, anachoka kabla ya kufika katikati, anayaweka chini.

Katika kazi ya uuguzi jambo hili si dogo. Mama anayesoma kwa wepesi huisoma kadi ya kliniki ya mwanawe, akaona tarehe ya chanjo inayofuata bila kusubiri kukumbushwa. Huisoma karatasi ya dawa ya maji, akaelewa kwamba mililita 5 si kijiko chochote kilichopo jikoni, maana vijiko vya nyumbani havilingani, bali ni kipimo kilichokuja na chupa. Huangalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Mama ambaye maandishi yamekuwa mazito kwake hukisia, na dawa ya mtoto haitaki kukisia.

Wazee wetu walilijua hili. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini. Walisikiliza redio pamoja, kisha wakasoma kijitabu na kujadiliana kuhusu malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine. Halafu waliinuka wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Miongoni mwao walikuwemo mama zetu na bibi zetu, wengine wakiwa wamejifunza herufi ukubwani. Kama wao waliweza kusoma baada ya jembe, nasi tunaweza.

HUENDA SI UVIVU, NI MACHO

Katika kikundi chetu cha akina mama alikuwepo mama mmoja wa miaka 50 na kitu, mwenye sauti nzuri ya kusoma Neno. Pole pole aliacha. Zamu yake ikifika, aliwaachia wasichana, akisema nao wajifunze. Wengine walianza kunong'ona kwamba mama yule amepoa kiroho. Siku moja nilimpa kadi ya kliniki ya mjukuu wake anisomee. Akainyoosha mkono mpaka mwisho, akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Nadhani wewe hujapoa. Ni macho yako yanayoomba miwani." Alipimwa, akapata miwani ya kusomea, na Jumapili ya pili yake alisimama mbele akasoma sura nzima bila kusita. Alipoketi alifuta machozi.

Akina mama wapendwa, hili huwapata karibu watu wote. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo katika ujana ni laini, inajikunja ili tuone kitu kilicho karibu. Kadiri miaka inavyokwenda inakuwa ngumu, na kuanzia kama miaka 40 maandishi madogo huanza kutoroka. Dalili zake ni hizi: kusogeza kitabu mbali, kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, kuumwa kichwa baada ya kusoma kidogo, na kutafuta mwanga mkali zaidi. Si dhambi wala si ulegevu. Dawa yake ni miwani ya kusomea.

Ni vema kupima macho hospitalini au kwenye kliniki ya macho kabla ya kununua miwani ya barabarani. Mpimaji hatatafuta namba ya miwani tu. Ataangalia pia kama una mtoto wa jicho, presha ya macho, au madhara ya kisukari. Presha ya macho hasa huiba uwezo wa kuona kimya kimya bila maumivu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kwa hiyo usiogope kumwambia mumeo kwamba unahitaji miwani. Ni hitaji kama viatu vya mtoto wa shule.

Kuhusu mwanga, taa ikae upande wa nyuma ya bega ili iangaze ukurasa bila kukumulika usoni. Mwanga hafifu hauharibu macho kama wengi wanavyoamini, lakini huyachosha upesi. Taa ya sola ni bora kuliko kibatari, ambacho moshi wake huingia kifuani na moto wake huunguza watoto.

LENGO DOGO LINALOTIMIA

Wengi wetu tumewahi kuweka nadhiri ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka, tukakwama kwenye Mambo ya Walawi. Biblia ina sura 1,189, na si kila mama ataziweza kwa mwaka mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Kwa kipupwe hiki tuchague lengo linalolingana na miezi yenyewe.

Juni, Julai na Agosti vina jumla ya siku 92. Injili zote nne zina sura 89. Tazama jinsi zinavyolingana! Ukisoma sura 1 kila siku, mpango wako utakuwa hivi:

Mathayo, sura 28: tarehe 1 hadi 28 Juni.
Marko, sura 16: tarehe 29 Juni hadi 14 Julai.
Luka, sura 24: tarehe 15 Julai hadi 7 Agosti.
Yohana, sura 21: tarehe 8 hadi 28 Agosti.

Zinabaki siku 3. Hizo ni za mtoto aliyeugua, za msiba kijijini, na za siku ile utakapolala kwa uchovu kitabu kikiwa kifuani. Usijihukumu kwa ajili ya siku moja uliyoikosa. Endelea ulipoishia.

Aliye na mtoto mchanga na haziwezi sura ndefu, aanze na Ruthu, yenye sura 4 tu, kisha Esta yenye sura 10. Hizo ni habari za wanawake waliosimama imara katika nyumba ngumu. Au mwezi wa Julai, wenye siku 31, asome Mithali, yenye sura 31.

Pamoja na Neno, chukua kitabu kingine kimoja. Kurasa 5 kila jioni ni kama robo saa hivi. Kwa siku 92 utakuwa umesoma kurasa 460, ambazo zaweza kuwa vitabu 3 vya kawaida! Tafuta daftari dogo. Andika tarehe, kitabu na ukurasa ulioishia, na upande wa pili neno moja lililokugusa. Mwisho wa Agosti daftari hilo litakuonyesha safari uliyokwenda.

TUSOME NINI?

Kitabu si lazima kiwe kigumu ili kiwe na faida. Yupo John Bunyan, mhubiri wa Uingereza aliyefungwa gerezani miaka 12, ambaye kitabu chake tunakifahamu kwa jina la Safari ya Msafiri. Wengi wanaijua sehemu ya kwanza, ya mwaka 1678, inayomhusu mume anayeiacha nyumba yake na kuufuata mji wa mbinguni. Wachache wanajua kwamba mwaka 1684 Bunyan alitoa sehemu ya pili, inayomhusu mke yule aliyebaki nyumbani, naye anaondoka kumfuata mumewe akiwa na wanawe wanne. Hiyo ni safari yetu sisi, ya kumfuata Bwana huku watoto wakishika nguo.

Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwanamke maskini wa Unguja aliyeuza vyungu, akawa mwimbaji, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Ndyanao Balisidya, mwandishi mwanamke, alitoa riwaya yake Shida mwaka 1975. Mama mwenye kijana anayetamani kukimbilia mjini ataisoma kwa makini. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake moja ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Inamhusu mvulana wa miaka 12 anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake. Mzazi hawezi kuisoma bila kuwatazama watoto wake waliolala.

Kwa wanaopenda ushairi, Mwalimu Nyerere alizigeuza Injili kuwa tenzi, zikachapwa mwaka 1996. Tenzi husomeka vizuri kwa sauti, na watoto hupenda mlio wake.

Vitabu ni ghali, najua. Lakini kitabu 1 chaweza kusomwa na nyumba 10. Kikundi cha akina mama chaweza kuchanga, kikanunua vitabu vichache na kuvizungusha, kila aliyemaliza akimpelekea jirani. Walio karibu na maktaba ya mkoa wajiandikishe.

RAHA NDOGO ZA KIPUPWE

Mungu hakuuumba wakati wa baridi ili tutetemeke tu. Ziko raha zake, na nyingi hazihitaji fedha.

Chai ya tangawizi: ponda tangawizi mbichi, ichemke kwenye maji dakika 10, weka majani ya chai ya kwetu Njombe au Mufindi, maziwa mwishoni. Sukari iwe kidogo. Mama mjamzito au anayetumia vidonge vya kuongeza damu asinywe chai pamoja na chakula wala vidonge, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Asubiri saa 1 au zaidi. Mchaichai peke yake, bila majani ya chai, nao una harufu nzuri jioni.

Viazi vya jivuni: fukia viazi mviringo kwenye jivu la moto baada ya kupika. Baada ya kama dakika 40 viko tayari, na nyumba nzima itakuwa imekusanyika bila kuitwa.

Jua la saa 4 asubuhi: keti nje robo saa ukichagua maharage, mgongo ukiota jua. Zaburi moja yatosha hapo.

Maji ya vuguvugu kwa miguu iliyochoka. Mwenye kisukari ampe mtu mwingine ayapime maji kwanza kwa kiwiko, kwani miguu yake yaweza kuungua bila yeye kuhisi.

Na raha kubwa kuliko zote ni kusoma wakati wa kupukuchua mahindi. Familia ikae kuzunguka ungo. Mmoja asome kwa sauti, wengine mikono ikifanya kazi. Baada ya robo saa mwingine apokee kitabu. Kazi huisha upesi, na mtoto wa darasa la nne ambaye husitasita shuleni hupata mazoezi mbele ya watu wanaompenda. Hata bibi asiyejua kusoma hushiriki, tena mara nyingi ndiye anayeuliza maswali mazuri kuliko wote.

ONYO KUHUSU JIKO LA MKAA

Siwezi kuzungumzia jioni za baridi nikaliacha jambo hili. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kuota moto, ukafunga mlango na madirisha. Watu wengi hudhani hatari ni moshi, na kwamba mkaa ukishawaka mwekundu bila moshi ni salama. Sivyo. Mkaa mwekundu hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, huishiwa nguvu, kisha hulala usingizi asioweza kuamka. Familia nzima yaweza kulala jioni ikiwa na afya na isiamke asubuhi. Watoto na kina mama wajawazito wako katika hatari zaidi.

Otea moto nje au jikoni penye hewa ya kutosha, na jiko libaki huko mnapokwenda kulala. Mkimkuta mtu katika hali hiyo, fungueni milango na madirisha, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, na mpelekeni kituo cha afya bila kuchelewa. Maziwa hayaondoi sumu hii, na aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote.

Chumbani, joto litokane na mablanketi, soksi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, na kulala pamoja kwa upendo.

NYUMBANI WAKISHANGAA

Huenda siku ya kwanza utakayoketi na kitabu mtu atauliza kama huna kazi. Usijibu kwa ukali. Zungumza na mumeo mapema, wakati ametulia: "Baba watoto, naomba baada ya chakula nipate nusu saa ya kusoma. Wasichana na wavulana wataosha vyombo kwa zamu." Waume wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, na wengine huvutwa wakaomba wasomewe. Ikiwa yeye husoma gazeti, someni pamoja chini ya taa moja. Watoto wanaowaona wazazi wote wawili wakisoma hawahitaji hotuba ndefu kuhusu elimu.

Dada yangu, mama yangu, hutendi ubinafsi unapoomba nusu saa hiyo. Tunawapikia, tunawafulia, tunawauguza na kuwaombea wengine, lakini chungu kisichojazwa hakiwezi kugawa. Yule mtume mzee hakuomba joho peke yake. Kipupwe hiki, unapotoa mablanketi kabatini, toa na kitabu. Kapime macho. Chagua sura ya kwanza, andika tarehe kwenye daftari, na Bwana, aliye Neno tangu mwanzo, akutie nguvu uifikie ya mwisho.